Mashine Isiyo na Mwenyewe

Barabara ya I-5 inashuka kutoka upande wa Ghuba ya San Francisco hadi Los Angeles, mwendo wa takriban kilomita 600, na sehemu kubwa ya mwendo huo haina la kumfurahisha mtazamaji. Ni bonde tambarare, mashamba ya milozi yaliyopandwa kwa mistari, mifereji ya kumwagilia maji, na malori yasiyokwisha. Kwenye nusu ya njia hivi, jirani na mji wa Coalinga, kuna mazizi ya ng'ombe ya Harris Ranch, na harufu yake humfikia msafiri kabla macho hayajayaona mazizi yenyewe. Mwenye gari la petroli hufunga vioo akapita. Mwenye gari la umeme mara nyingi hana hiari hiyo. Magari mengi ya umeme yaliyoko sokoni, yakikimbizwa kwa kasi ya barabara kuu, humaliza chaji kati ya kilomita 300 na 450, kwa hiyo njia hii inamlazimisha dereva asimame angalau mara moja, naye hachagui sana pa kusimama. Mkazi wa mjini anayechaji usiku nyumbani kwake anaweza kukaa mwaka mzima asijue kama mashine za umma zinafanya kazi au la. Msafiri ndiye anayejua. Kwake yeye kituo kimoja kibovu kinatosha kuamua kama usiku huo atalala Los Angeles au atalala njiani.

Ndiyo maana naiona barabara hii kuwa mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo wanasiasa na watengenezaji wa magari hulikwepa kwa kutaja idadi. Kila mwaka tunatangaziwa mashine mpya, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Hoja yangu ni kwamba idadi peke yake haimfikishi mtu popote. Mashine ya kuchaji ya umma hukaa mbovu, hukatwa kebo na hudukuliwa kwa sababu moja kubwa: imesimikwa mahali ambapo hakuna mtu atakayeumia siku hiyo hiyo ikiacha kufanya kazi. Kituo cha mafuta, hata kiwe duni namna gani, kina mtu anayepoteza riziki pampu ikikwama. Atatoka nje, ataigonga, atapiga simu, atamfokea fundi. Mashine nyingi za umeme zimeachwa pembeni mwa kiegesho cha duka kubwa. Mwenye ardhi ni mmoja, mwenye mashine ni mwingine, mwenye programu ni wa tatu, mwenye nyaya za umeme ni wa nne, na aliyetoa fedha, mara nyingi serikali, yuko mbali. Huwa tunauzungumzia ubovu kama kazi ya mafundi na uhalifu kama kazi ya polisi. Nadhani ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na safari ndefu ndiyo inayouonyesha vizuri zaidi.

Tuanze na ushahidi wa hapo hapo California, kwenye chimbuko la njia hii. Mapema mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na David Rempel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizunguka wilaya tisa za Ghuba ya San Francisco wakikagua mashine za kuchaji kwa kasi zilizo wazi kwa kila mtu, zile ambazo hazikuwa za mtandao wa Tesla. Hawakuuliza kampuni, walikwenda wenyewe, wakachomeka plagi, wakajaribu kulipa, na mashine ikihimili kuchaji kwa dakika mbili tu ikahesabiwa nzima. Katika plagi 657 kwenye vituo 181, zilizofaulu zilikuwa asilimia 72.5. Asilimia 22.7 zilishindwa kwa sababu ya skrini iliyokufa, malipo yaliyokataa, mtandao uliokatika, chaji iliyogoma kuanza au plagi iliyovunjika. Nyingine, karibu asilimia 5, zilikuwa na kebo fupi isiyofika kwenye tundu la gari. Kampuni zenyewe wakati huo zilikuwa zikidai kwamba mashine zao huwa kazini kwa asilimia 95 hadi 98 ya muda. Lakini kilichonigusa zaidi katika utafiti huo ni jambo dogo ambalo wengi hulipita: watafiti walirudi kukagua sehemu ya mashine zile zile baada ya takriban siku nane, na hali kwa jumla haikuwa imebadilika. Kwa zaidi ya wiki nzima, katika eneo lenye wataalamu wengi wa kompyuta kuliko karibu popote duniani, mashine zilizokufa zilibaki zimekufa. Fundi angepatikana. Aliyekosekana ni mtu wa kumwita.

Ili kuelewa kwa nini mashine hizi hufa kwa njia nyingi hivyo, inafaa kuitazama moja kwa karibu. Kinachofanyika baada ya plagi kuingia si kumimina umeme. Gari na mashine huanza kwanza kuzungumza, kwa ishara ndogo za data zinazopita ndani ya kebo ile ile: gari linaeleza betri yake ni ya volti ngapi na inaweza kupokea kiasi gani. Mashine nayo, kwa laini ya simu iliyofichwa ndani yake, inaiuliza seva ya kampuni kama mteja huyu anaruhusiwa. Seva inaiuliza benki au programu ya simu. Jibu likirudi, mashine inapima kama kuna umeme unaovuja, inalinganisha volti na za betri, kisha swichi kubwa za ndani zinajifunga kwa mlio unaosikika wazi, na hapo ndipo tarakimu zinaanza kupanda kwenye skrini. Mnyororo huo una pete saba au nane, na kila pete ina mwenyewe tofauti. Mtandao wa simu ukiwa hafifu, mashine nzima isiyo na kasoro yoyote inakataa kazi. Kisoma kadi kikilowa mvua, umeme wa kilowati 150 unasimama kwa ajili ya kifaa cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani. Anayeshangaa kwamba teknolojia ya kisasa inashindwa na jambo dogo hajaona kwamba jambo dogo ndilo lisilo na mwangalizi.

Serikali ya Marekani iliona tatizo, na ikalijibu kwa sheria. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa mpango unaoitwa NEVI, wa kujenga vituo kwenye barabara kuu kila baada ya maili 50, yaani kilomita 80, kila kituo kikiwa na plagi zisizopungua nne za kilowati 150. Kanuni zake, zilizotoka Februari 2023, zinadai kila plagi iwe kazini zaidi ya asilimia 97 ya mwaka. Inasikika vizuri mpaka upige hesabu. Asilimia 3 ya saa za mwaka ni saa 263, karibu siku 11 ambazo mashine inaweza kuwa imekufa na bado mwendeshaji hajavunja kanuni. Na hesabu yenyewe ina mlango wa nyuma. Kanuni inaruhusu kuondoa muda ambao umeme umekatika upande wa shirika la umeme, muda wa matengenezo yaliyopangwa, majanga ya asili, hitilafu ya gari, na pia uharibifu wa makusudi. Maana yake ni kwamba mwizi akikata kebo usiku, kwenye daftari la serikali mashine hiyo haihesabiwi kuwa mbovu kwa muda huo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeandikwa kwa namna ambayo hasara ya msafiri haionekani ndani yake. Naelewa kwa nini mwendeshaji hapendi kuadhibiwa kwa kosa la mwizi. Lakini sheria inayotenganisha ubovu na wizi inamwambia mwendeshaji huyo kwamba taa, kamera na uchaguzi wa mahali pa kusimika mashine si sehemu ya kazi yake, na hapo ndipo ninapoiona imekosea.

Uingereza ilikwenda hatua mbele, kisha ikafungua mlango mwingine. Kanuni zake za vituo vya umma zilianza kutumika Novemba 2023, na mwaka mmoja baadaye zikadai mitandao ya mashine za kasi ifikie asilimia 99, iwe na simu ya msaada isiyolipiwa saa 24, na ikubali malipo ya kadi ya kugusa bila kumlazimisha dereva kupakua programu. Faini inaweza kufika pauni 10,000 kwa mashine moja. Hizi ni kanuni nzuri, na hiyo simu ya msaada naithamini kuliko asilimia yenyewe, maana angalau kuna sauti ya binadamu. Hata hivyo asilimia 99 inapimwa kwa wastani wa mtandao mzima wa kampuni. Kampuni yenye mamia ya mashine mjini inaweza kufaulu mtihani huku kituo chake pekee kwenye barabara ya vijijini kimelala mwezi mzima. Wastani humtosha mhasibu. Msafiri hachaji kwenye wastani, anachaji kwenye mashine iliyo mbele yake.

Kuna jibu la kiufundi kwa haya yote, nalo ni zuri kuliko mengi: weka mashine nyingi mahali pamoja. Ukichukua kiwango kile cha California, ambapo plagi moja ina uwezekano wa asilimia 27.5 wa kukugomea, basi uwezekano wa plagi nne zote kukugomea kwa pamoja ni chini ya asilimia 1. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja, kwamba kila mashine inakufa kwa sababu zake yenyewe. Katika hali halisi mashine nne za kituo kimoja zinategemea transfoma moja, laini moja ya simu, seva moja na kampuni moja ya malipo. Seva ikianguka, zinaanguka zote. Na hata zisipoanguka zote, upungufu wa moja tu unaweza kuzua kizaazaa. Majira ya joto ya mwaka 2023 aliyekuwa Waziri wa Nishati wa Marekani, Jennifer Granholm, alifanya ziara ya barabarani kwa magari ya umeme kuitangaza sera ya serikali yake. Huko Grovetown, jimbo la Georgia, kituo kilikuwa na mashine nne, moja mbovu na nyingine zinatumika. Msaidizi wake akaegesha gari la petroli mbele ya mojawapo ya mashine nzima ili kumshikia waziri nafasi, na familia moja iliyokuwa na mtoto mchanga, siku ya joto kali, ikaita polisi. Wengi walikicheka kisa hiki kama kisa cha kiburi cha wakubwa. Mimi nakisoma kwa namna nyingine: pale palikosekana mtu wa kituo wa kusema nani amefika kwanza, na ndiyo maana suala likaachiwa polisi.

Sasa tuje kwenye wizi. Kebo ya mashine ya kasi ina shaba ndani, na bei ya shaba ilipanda hadi zaidi ya dola 5 kwa ratili mnamo Mei 2024. Kampuni ya Electrify America, ambayo yenyewe ilizaliwa kutokana na fidia ya Volkswagen baada ya kashfa ya moshi wa dizeli, ilisema kwamba hadi Mei ya mwaka huo ilikuwa imekatiwa kebo 129, nyingi kuliko za mwaka 2023 mzima. Ajabu ya wizi huu ni uchache wa faida yake: kebo moja humpatia mwizi dola 15 hadi 20 hivi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ilhali kuirudisha kunaigharimu kampuni mara nyingi zaidi ya hapo, na mashine inalala mpaka kebo mpya ifike. Hakuna anayekata kebo kwa faida hiyo mahali penye macho ya watu. Anaikata mahali penye giza, pasipo na mlinzi, ambapo anajua hakuna atakayetoka. Watu wa kampuni wamejibu kwa kamera, rangi za kutambulisha kebo na nyaya ngumu kukatika. Yote hayo yanasaidia, lakini kamera humwona mwizi baada ya kazi kwisha. Kinachomzuia kabla ni mtu, au angalau wingi wa watu.

Wizi wa data na udukuzi unafuata mantiki hiyo hiyo, ingawa mwizi hana msumeno. Aprili 2022, kwenye kisiwa cha Isle of Wight kusini mwa Uingereza, halmashauri iligundua kwamba skrini za mashine katika viegesho vyake zilikuwa zikionyesha tovuti ya picha za ngono. Hakuna aliyegusa mashine zenyewe. Anwani ya tovuti iliyotegemewa ndiyo iliyoingiliwa, na halmashauri ikabidi iombe radhi na kuifunika anwani hiyo. Miezi miwili kabla, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mashine kwenye barabara kuu ya M11 kati ya Moscow na Saint Petersburg ziliacha kuchaji na kuanza kuandika matusi dhidi ya Putin na maneno ya kuitukuza Ukraine. Shirika la umeme la Rosseti lilieleza kwamba sehemu muhimu za mashine hizo zilitengenezwa na kampuni ya Ukraine, ambayo ilikuwa imebakiwa na njia ya kuingia ndani yake kupitia intaneti. Kisa hicho kinafundisha. Aliyenunua mashine alidhani amenunua chuma, kumbe alinunua pia uhusiano na mtu wa mbali mwenye ufunguo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na taasisi ya Uswisi ya armasuisse walionyesha kwamba yale mazungumzo kati ya gari na mashine yanaweza kuvurugwa kwa mawimbi ya redio ya nguvu isiyofika wati 1, kutoka umbali wa hadi mita 47, na chaji ikakatika mpaka dereva achomoe na kuchomeka upya. Na kuna hila ya chini kabisa isiyohitaji elimu yoyote: stika ya msimbo wa QR wa uongo iliyobandikwa juu ya ule wa kweli, ili dereva mwenye haraka aingize namba za kadi yake kwenye tovuti ya tapeli. Madereva wa Uingereza wameonywa juu yake. Stika kama hiyo inaondolewa kwa ukucha na mtu yeyote anayepita kila asubuhi kufuta skrini. Swali ni kama mtu huyo yupo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa hoja yangu unapatikana pale pale Coalinga. Harris Ranch palikuwa miongoni mwa vituo sita vya kwanza ambavyo Tesla ilivifungua California Septemba 2012. Mashine zake za awali hazikuwa na skrini wala kisoma kadi: plagi ikiingia, gari lenyewe linajitambulisha na bili, ikiwapo, inakwenda kwenye akaunti ya mwenye gari. Pete nyingi za ule mnyororo zilifutwa kwa sababu gari, mashine, seva na bili vilikuwa vya kampuni moja, na kampuni hiyo ilijua kwamba kituo kibovu ni gari lisilouzika. Agosti 2023 mkuu wa Ford, Jim Farley, alipita I-5 kwa gari lake la umeme la mzigo, akasimama Coalinga, na kwenye mashine ya polepole aliyoitumia akakaa dakika 40 ili afikishe asilimia 40 ya betri. Miezi michache kabla ya safari hiyo kampuni yake ilikuwa tayari imetia saini mkataba wa kuwafungulia wateja wake vituo vya Tesla, na watengenezaji wengine wakafuata. Mshindani hakubali kumlipa mshindani mwenzake kwa sababu ya huba. Alikubali kwa sababu wateja wake walikuwa wanataka mashine yenye mwenyewe.

Hapa napaswa kujibu pingamizi lenye uzito. Je, sifa hii ya mwenye mali mmoja si kuuza soko zima kwa bwana mmoja? Ni kweli, na dalili zipo. Aprili 2024 Tesla iliachisha kazi karibu timu nzima ya vituo vya kuchaji, watu wapatao 500, kwa uamuzi wa ghafla, ingawa baadhi waliitwa tena. Januari ya mwaka huo huo, baridi kali ilipoipiga Chicago, magari ya Tesla yalipanga foleni kwenye vituo vya kampuni yenyewe huku betri zilizoganda zikipokea umeme kwa shida na mengine yakiishiwa chaji kabisa kwenye mstari. Wakataji wa kebo nao hawakuiacha kampuni hiyo. Kwa hiyo sisemi kwamba dawa ni kampuni moja. Ninachosema ni kwamba kampuni hiyo ilifanya vizuri pale ilipobeba gharama ya ubovu yenyewe, na kwamba kilicho cha kuigwa ni kule kubeba gharama, ambako sheria inaweza kumtwisha mwendeshaji yeyote. Malipo ya ruzuku yanaweza kutolewa kwa kila chaji iliyokamilika badala ya kila mashine iliyosimikwa. Mwenye duka anaweza kupewa sehemu ya mapato ya mashine iliyo mlangoni pake, ili mashine ikifa naye ahisi.

Wapo watakaosema kwamba watu wengi huchaji nyumbani, na hivyo suala hili ni dogo. Huchaji nyumbani wenye nyumba na kiegesho. Mpangaji wa ghorofa ya tano hana soketi ya kufikia, na hakuna nyumba inayomfuata msafiri kilomita 300. Wengine watasema teknolojia ni changa na itakomaa. Takwimu za kampuni ya utafiti ya J.D. Power zinawaunga mkono kwa kiasi: mwaka 2025 wenye magari ya umeme nchini Marekani waliofika kituoni wakaondoka bila kuchaji walikuwa asilimia 14, kutoka asilimia 19 mwaka uliotangulia. Nafurahia maendeleo hayo. Lakini mwenye gari mmoja katika kila saba kuondoka patupu, zaidi ya miaka kumi tangu kituo kile cha Coalinga kifunguliwe, si uchanga tena. Na pingamizi la tatu ni la fedha: kuweka mlinzi kila kituo kutaufanya umeme uwe ghali kuliko petroli. Sijapendekeza mlinzi kila kituo. Kuchaji kwa kasi huchukua dakika 20 hadi 40, na muda huo ni wa kunywa kahawa, kwenda msalani, kumpa mtoto uji. Mashine ikiwekwa penye mgahawa unaokesha, penye taa na wahudumu, ulinzi unapatikana bila mshahara wa ziada, na mwanamke anayesafiri peke yake saa nne usiku hahitaji kukaa ndani ya gari lililofungwa kwa kebo mahali pa giza, asipoweza hata kuondoka haraka. Usalama wake nao ni sehemu ya kuaminika kwa kituo, ingawa hakuna asilimia inayoupima.

Kwa msomaji wa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam, haya si mambo ya ng'ambo tu. Tunaijua biashara ya shaba na vyuma kuliko tungependa. Januari 2022, baada ya minara ya njia ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka na kuitia Kenya gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa tuhuma kwamba vyuma vya minara hiyo vilikuwa vimeng'olewa na waharibifu. Mtu anayepanga kusimika mashine za kuchaji kando ya barabara ya Mombasa bila kuzingatia hayo anapanga kuwapelekea wauza shaba bidhaa. Hata hivyo tuna jambo ambalo Wamarekani walilipoteza zamani. Kwenye sheli zetu bado kuna mhudumu anayeshika bomba la pampu, anayemjua dereva wa matatu kwa jina na anayejua ni pampu ipi inayozingua. Vituo vya kubadilishia betri za bodaboda za umeme, ambavyo kampuni ya Ampersand ilivianza Kigali kabla ya kuingia Nairobi, vimejengwa juu ya mtu huyo huyo: bodaboda inafika, mhudumu anatoa betri iliyoisha, anaweka iliyojaa, na dereva anaondoka baada ya dakika chache. Betri mbovu ikirudi, inarudi mkononi mwa mtu, naye anaitenga. Malipo nayo tumeshayazoea kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kwa hiyo ile pete ya kadi iliyowatesa watu wa California tunaweza kuianza ikiwa nyepesi, mradi namba ya malipo iwe kwenye ubao ambao mtu anautazama kila siku.

Hatari ni kwamba wataalamu watakuja na mfano wa kisasa usio na mhudumu, wakisema ndivyo dunia inavyokwenda, na wafadhili watalipa kwa kila mashine iliyosimama, si kwa kila gari lililoondoka na chaji. Ushahidi wa I-5 unatuambia tukatae. Kabla ya kuhesabu mashine, mkataba wa kituo cha umma ujibu mambo manne: nani analipwa chaji ikikamilika na anakosa malipo isipokamilika, nani anashika ufunguo wa mashine upande wa intaneti, nani anahesabu kebo iliyoibwa kuwa hasara yake, na nani anapokea simu saa nane za usiku akiwa karibu vya kutosha kufika. Majibu yakiwa majina manne ya kampuni zilizoko miji minne, tutapata kile kile walichokipata watafiti wa Berkeley waliporudi baada ya siku nane. Yakiwa jina la mtu mmoja mwenye duka lake pale barabarani, anayepata senti kwa kila kilowati-saa inayopita, basi mashine chache zitatosha kuvusha wasafiri wengi kuliko zinavyofanya mashine nyingi zisizo na mwenyewe.